Bonde la Mzee Humaidi

Gaudensia hampendi mtu anayemwuliza "Fundi yuko wapi?" naye mwiko kaushika mkononi. Miaka kumi na minne anatoka Kwihara kwa baiskeli kuja mjini Tabora kutandika sakafu, na bado wapo wanaotafuta mwanamume nyuma yake. Waache watafute, mwisho watachoka.

Safari hii aliitwa na Ibtisam, mwenye duka la vitambaa, anayeishi na baba yake mzazi. Sakafu yao ilikuwa ya vigae vya plastiki vya zamani, vimechakaa hasa. Mafundi wawili walishasema ving'olewe vyote. Gaudensia akavua viatu, akapiga magoti, akagonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wa mwiko. Kilicholia kama debe tupu alikibandua, kilichonyamaza alikiacha.

"Hivi vimeshikana kuliko ndoa za siku hizi," alisema. "Tunatandika juu yake."

Akajaza simenti laini kwenye mabonde, akapiga msasa, akaipiga randa milango kwa chini isije ikakwama sakafu ikipanda. Kisha akapanga vibao vipya vya plastiki, vikabanana hata wembe haupiti. Loo, mwanamke yule ana mikono!

Siku zote mbili za kazi, Mzee Humaidi, baba yake Ibtisam, alikuwa Igunga kwa mwanawe. Ni kipofu mwaka wa tisa sasa. Kila adhuhuri hutoka chumbani mwenyewe hadi kwenye mkeka wake wa kuswalia, na mkono wa mtu hautaki. Ndiyo heshima aliyobaki nayo.

Aliporudi, Gaudensia alikuwa anafungasha vifaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Adhana ikalia. Mzee akatoka chumbani kwake, akapiga hatua sita, akasita, mguu ukapapasa huku na huku. Akageuka mapema mno, paji la uso likagonga ukuta.

"Mmenihamisha nyumba," alisema kwa sauti ndogo. Ibtisam akamshika mkono, naye akakubali kuongozwa. Gaudensia aliona bora mzee angemtukana.

Alijua pale pale. Palikuwa na bonde karibu na mlango, lililolika kwa miaka mingi ya kukanyagwa, na ndilo lililomwonyesha mzee pa kugeukia kila siku. Gaudensia mwenyewe ndiye aliyelijaza, tena kwa ufundi wake wote.

"Kosa langu," alimwambia Ibtisam. "Nimeviuliza vigae, sikumwuliza mwenye miguu."

"Atazoea, dada. Tutakuwa tunamshika."

"Hashikwi mtu!"

Akang'oa vibao vitatu vilivyokaa vizuri kabisa, akakwangua simenti mpaka kigae cha zamani kikatokeza na bonde lake. Akachonga kingo za vibao zilale, zisimkwaze mzee.

"Kiraka kwenye sakafu mpya?" Ibtisam alinung'unika.

"Wageni wakicheka, waambie ni kazi ya Gaudensia."

Kesho yake adhuhuri alirudi kusikiliza tu. Mzee akatoka, hatua sita, unyayo ukazama kidogo. Akageuka. Ibtisam, kwa hofu, akamnyooshea mkono.

"Niache, mama," alisema mzee. "Nimeshafika."