Mlete Mzazi

Mpira wa miguu siujui. Hadi leo nikiulizwa kuotea ni nini, nasema hilo ni la marefa. Lakini kwa miaka miwili, pale Doha, nilikuwa afisa wa nidhamu wa timu ya chuo, na kazi hiyo nilipewa kwa sababu moja tu: niliwahi kujisifu mbele ya mkuu wa chuo kwamba shuleni nilikuwa kiranja wa bweni.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, ghorofa mbili na ukumbi, na mimi nilikuwa wa idara ya kompyuta, maana yake nilitengeneza printa. Ilikuwa miaka ile ya kwanza baada ya Qatar kupewa Kombe la Dunia, na kila taasisi ilitaka kuwa na timu. Yetu ilikuwa nusu Wakenya, nusu Waganda, wengi wao wakilinda maghorofa au kubeba mizigo hotelini mchana, kisha wakija darasani jioni. Walicheza vizuri. Tabia ndizo zilizokuwa balaa.

Nitaje machache tu. Beki wa kushoto aliweka simu ndani ya soksi, na siku moja aliipokea katikati ya mchezo, akamwomba mshambuliaji wa timu pinzani amsubiri kidogo kwa sababu ni supavaiza. Viungo wawili, mmoja Mkenya na mmoja Mganda, waliishi chumba kimoja mtaa wa Najma. Yule Mganda aliunguza sufuria ya mwenzake, na kwa mechi nne hawakupeana mpira hata mara moja. Kila mmoja akitaka kumfikishia mwenzake, aliurudisha kwa kipa kwanza, kipa ndiye apeleke.

Na kipa sasa. Huyo ndiye aliyekuwa bora kuliko wote, na alisoma bure kwa ajili ya mpira. Masomo, kitanda na viza, vyote vilining'inia kwenye glavu zake. Na alikuwa mwongo. Si mwongo wa hatari, bali mwongo mvivu, anayeutumia uongo mmoja hadi unachakaa. Nyanya yake alikuwa ameshafariki mara tatu. Mkuu wa chuo, mzee wa Kiarabu mpole ambaye sote tulimwita mudir, alimwandikia barua ya rambirambi kila mara, na nakala zote tatu zilikuwa kwenye faili moja bila mtu kuzilinganisha.

Nilianza na adhabu nilizozijua. Niliandika majina ya wapiga kelele kwenye karatasi, nikaibandika mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Wakasimama mbele yake wakapiga picha. Nikawapigisha magoti, lakini uwanja tuliokodi Al Thumama ulikuwa wa nyasi bandia, na mwezi wa Mei nyasi zile huwaka kama kikaango. Kocha, Mganda mmoja mtaratibu sana, akaniuliza, "Madamu, tunataka kushinda ama tunataka kuchoma nyama?" Ikabaki adhabu kuu ya shule za kwetu, kufyeka. Sasa plastiki mtu ataifyekaje?

Nikaishiwa. Ijumaa moja, nikiwa nimekasirika, nikatamka maneno ambayo kila aliyesoma kwetu huyaogopa. Nikawaambia viungo wale wawili na yule beki wa simu waende zao, na wasikanyage tena uwanjani bila mzazi.

Mtu mwenye akili timamu angeniuliza mzazi atatoka wapi, na yeye yuko Bungoma au Mbale. Hakuna aliyeuliza. Wote tulikuwa tumelelewa na shule zile zile, na katika shule zile mzazi akiitwa, mzazi hupatikana. Ukimwogopa baba, unamtafuta fundi wa baiskeli, unamwazima koti, unamfundisha jina lako la ukoo njiani.

Ijumaa iliyofuata wazazi walifika. Beki alikuja na baba aliyemzidi umri kwa miaka mitatu hivi, mlinzi mwenzake, amefunga tai. Viungo walikuja na baba mmoja, dereva wa Kiganda mwenye kitambi, akasema wote wawili ni wanawe.

"Huyu ni Mkenya," nikamwambia.

"Madamu," akajibu bila kupepesa macho, "mimi nilitembea sana."

Ningewafukuza. Badala yake niliwapa viti. Nadhani nilinogewa na kuendesha kikao cha wazazi. Na wale baba wa kuazima waliwakaripia wale vijana kwa moyo wote. Yule dereva alizungumzia ile sufuria mpaka machozi yakamlenga. Mechi iliyofuata, mpira ulitoka kwa Mganda ukaenda moja kwa moja kwa Mkenya, na kocha akainua mikono juu kama aliye kanisani. Mimi nikamwandikia mudir ripoti: wazazi wawili walihudhuria, hali imeimarika. Ripoti hiyo ndiyo iliyotuponza.

Mwezi uliofuata kipa alikosa mtihani, akaandika kwamba nyanya yake amefariki. Mudir akafungua faili ili anakili ile barua ya rambirambi, akakuta ziko tatu. Akaniita. Hakuwa amekasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alikuwa ameumia, kama mtu aliyegundua kwamba machozi yake yamechezewa.

"Jumapili saa nne asubuhi aje na mzazi wake, kama wale wenzake," akasema. "Nikiona kuna mtu mzima anayemsimamia, atabaki. Nisipomwona, khalas. Viza inafutwa, arudi kwao."

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli kuhusu wale wazazi. Nikaufunga. Niliona aibu, na niliogopa. Ningekuwa mwongo wa pili kwenye lile faili.

Kipa nilipompa habari, rangi ilimtoka, kisha ikamrudi haraka mno. "Usijali, auntie. Kuna mathe fulani wa church. Ako poa sana. Huwa analea watoto wa watu huko Muaither."

Jumapili ile mathe aliletwa na dereva wa waajiri wake, kwa gari kubwa kuliko la mudir. Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku yake ya kupumzika, na huko ndiyo siku ya kanisa pia, kwa hiyo hii alikuwa ameiombea ruhusa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, amevaa nguo ya kanisani, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Akanisalimu kwa heshima, akaniita mwalimu. Sikumsahihisha.

Nikampa maelekezo pale ngazini. "Mama, mudir atauliza kwa Kiingereza, mimi nitatafsiri. Wewe sema tu ni mwanao. Mengine niachie."

"Sawa, mwalimu," akasema, kwa sauti ya kumkubalia mtoto aliyeomba kubeba ndoo nzito.

Tukaketi. Mudir akamkaribisha, nami nikajiweka sawa nitafsiri. Kabla sijavuta pumzi, mama akajibu kwa Kiarabu. Miaka kumi na mmoja katika nyumba ya Muaither. Kilikuwa Kiarabu cha jikoni na cha chumba cha watoto, kifupi, kikali, kilichojaa amri, na mudir akajikuta amekaa wima. Waliongea dakika nzima. Mimi na kipa tuliangaliana. Mtafsiri alikuwa anahitaji mtafsiri.

Kisha mama akamgeukia kipa. "Nyanya yako yuko hai?"

"Yuko," kipa akanong'ona.

"Anafanya nini?"

"Anauza mboga."

"Mpigie. Weka spika."

Simu ikaita mara nyingi. Halafu sauti ikajaa ofisi nzima, sauti ya mtu anayeamini kwamba kwa aliye mbali ni lazima upige kelele. "Wewe. Miezi mitatu kimya. Nilidhani umekufa."

Mama akamtafsiria mudir. Mudir akavuta karatasi ya kupangusia uso, akajifunika mdomo, mabega yakatikisika. Alipopata nafuu akainamia simu, akamsalimia kwa adabu mwanamke aliyemwombolezea mara tatu.

"Huyo ni nani?" nyanya akauliza. "Polisi?"

Tulipokata simu, mudir alikuwa bado anajipangusa macho, nami nikaanza kutumaini. Ndipo akauliza swali moja fupi, na mama akajibu neno moja, na uso wa mudir ukabadilika. Mama akatugeukia sisi, kwa sababu ilikuwa haki yetu kujua.

"Ameniuliza kama mimi ndiye niliyemzaa huyu. Nimemwambia hapana."

Kipa akainamisha kichwa.

Mama akaendelea kwa Kiarabu, polepole sasa, akisimama kila mara kutuambia alichosema. Alikuwa na mwanawe, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita. Alimwacha darasa la pili. Waajiri husafiri mwezi wa Agosti, kwa hiyo yeye hurudi nyumbani Agosti, na Agosti shule zimefungwa. Siku za wazazi alikwenda dada yake. Tangu amwache, yeye hakuwahi tena kumwona mwanawe akiwa amevaa sare.

"Huyu kijana aliponiambia kuna shule inataka mzazi," akasema, "nilikubali kabla hajamaliza kuniomba."

Mudir aligeuza kurasa za faili ambazo hakuwa akizisoma. Baada ya muda akauliza, na mama akatutafsiria, ni nani basi atakayemsimamia kijana huyu. Mama akajibu kwamba kila Ijumaa atamwona kanisani, na kwamba uongo anaujua, amelea watoto sita wa tajiri. Mudir akasukuma fomu mbele yake, akamwonyesha pa kuandika jina la mlezi. Mama akaandika majina yake yote matatu kwa herufi kubwa, taratibu, akaupuliza wino ukauke. Kipa akabaki. Sharti lilikuwa arudie mtihani, na amwandikie nyanya yake barua ya kuomba msamaha kwa kumwua mara nne.

Huko nje kipa alitaka kumkumbatia, akaambulia kushikwa sikio. Dereva alishaanza kupiga honi. Mama akanivuta kando.

"Mwalimu, hapa huwa mnawaita wazazi mara ngapi?"

"Kila kijana akikosea, mama."

Akalifikiria hilo, akauhamisha mkoba mkono mwingine. "Na huyu, unaonaje? Anaweza kukosea tena kabla ya Krismasi?"

Nikaangalia chini. Kisha nikamwambia, nikiwa na hakika kabisa, kwamba huyu hawezi kumaliza wiki.

"Basi nitaiosha hii nguo leo," akasema, akaingia garini.