Nilivyowaoka Wageni wa Mama Neema

Jamani, aibu hii huwa wanaisimulia wengine hapa Tunduma nami najifanya sisikii, ila leo naisema mwenyewe, angalau isitiwe chumvi.

Mama Neema ana mgahawa juu kabisa ya ghorofa, mahali unapoona foleni ya malori hadi upande wa Zambia, lakini baridi ikianza tu wateja wanaukimbia upepo. Basi akaniita mimi, fundi wa vioo na aluminiamu, akasema anataka baraza la vioo watu wakae mwaka mzima, na kwamba akiba yake yote inaishia hapo. Nikaenda kupima mwezi wa sita nimevaa koti na kofia ya sufu (mimi mtu wa Ihanda, baridi naiheshimu), upepo ukanichapa mpaka meno yakagongana, nikaamua palepale kwamba madirisha ya kufungua hayana kazi. Nikaziba pande zote nne, na paa nalo vioo. Mama aliuliza, "Fundi, hewa itapita wapi?" Nikamwambia kwa maringo aniachie kazi yangu.

Uzinduzi ukaja kuwa mwezi wa kumi, saa saba mchana. Mama kwa wema wake akanikalisha meza ya mbele, juani kabisa, ili watu wamjue fundi, nami nimetinga suti nzito, na koti halivuliki maana shati lina kiraka mgongoni (cha pazia, tena la maua). Ukaletwa ugali wa moto na mchuzi wa kuku. Mchungaji akafupisha sala, kitu ambacho hajawahi kufanya. Watu wakajipepea, wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakaanza kushuka na sahani zao mkononi. Shemeji yake Mama, aliyetoka Ivuna wanakochemsha chumvi, akasema taratibu, "Shemeji, ningejua ningekuja na chumvi yangu niianike."

Watu wakacheka, mimi nikamwona Mama kasimama kwenye ngazi, machozi yanamlenga. Hapo moyo uliniuma kweli. Nikavua koti mbele ya kadamnasi, maua yote nje, nikaomba bisibisi, nikapanda juu ya kiti nikafungua skrubu, na wanaume wawili wakanisaidia kushusha kioo kimoja, halafu cha upande wa pili. Upepo ukapita, tishu zikaruka hadi kwenye malori, na watu wakarudi juu na sahani zao.

Mama akanisogelea, akaninong'oneza, "Ulinijengea mwezi wa sita tu, Fundi. Hiyo mingine kumi na moja ningekaa wapi?"

Nilimwekea madirisha ya kusukuma kila upande, na leo panajaa, baridi na joto. Ile meza ya mbele wanaiita meza ya maua. Na mimi sichori tena baraza la mtu kabla sijakaa hapo saa saba mchana, nimevaa lile koti, nikala ugali wa moto nikaumaliza.