Nilidanganya Kwamba Figo Yangu Haimfai Mdogo Wangu

Nimekosa, tena nikiwa na akili zangu timamu. Sitaki mtu anitetee. Naomba tu jina langu lisitajwe, maana hapa Ngamiani, Tanga, tunaishi ukuta kwa ukuta.

Mimi ni fundi cherehani, nina watoto wawili. Nilikuwa na mdogo wangu mmoja tu, Bakari, aliyekuwa akiuza machungwa Muheza. Figo zake zote mbili zilikufa. Akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, akitoka hapo hata kikombe hawezi kushika.

Madaktari wakasema atafutwe ndugu wa kumpa figo. Mama ana kisukari, hafai. Nikasema mbele ya watu, "Bakari ni damu yangu, nitampa!" Mama akanishika kichwa akaniombea dua. Jamani, nilijiona mtu!

Tukaenda Dar kupimwa. Majibu yalipotoka, daktari akaniita peke yangu.

"Mama, figo yako inamfaa kabisa."

Kumbe siku zote nilikuwa naahidi kwa mdomo tu. Nikawafikiria wanangu. Nikamwambia, "Daktari, naogopa. Sitaki."

Hakunikasirikia. "Ni haki yako. Mtu halazimishwi kutoa kiungo chake."

"Lakini wasijue."

"Nitawaambia hatuwezi kuendelea na wewe, basi. Mengine utasema mwenyewe."

Na kweli nikasema mwenyewe! Nikatoka nalia, nikawaambia vipimo vyetu havikupatana. Bakari ndiye aliyenibembeleza. "Usilie, dada. Ulitaka kunipa, inatosha."

Ingeishia hapo, pengine ningepata usingizi. Baada ya wiki mbili akaja binamu yetu Rashidi kutoka Mwera. "Nipimeni mimi," akasema.

Bakari akatikisa kichwa. "Dada yangu wa tumbo moja kakataliwa, itakuwa wewe?"

Rashidi akanigeukia. "Dada, wewe ndiye uliyeongea na madaktari. Kweli hakuna haja?"

Nilijua haja ipo! Tulishaelezwa kwamba hata ndugu wa mbali anaweza kufaa. Ila nikahofia wakirudi kule wataulizia na majibu yangu. Nikasema, "Hakuna haja."

Rashidi akarudi Mwera. Hakuna mwingine aliyejitokeza.

Ulipopita mwaka Bakari akachoka. Akasema hataki mashine tena, arudishwe nyumbani. Mama akamuuliza daktari wa hapa Tanga, "Tukimwachisha si tutakuwa tumemuua?" Daktari akasema uamuzi ni wa mgonjwa mwenyewe, na watampa dawa asiumie.

Mkewe, wifi yangu Mwanaidi, akapiga magoti pale kitandani. "Vumilia, baba Asha, vumilia kwa ajili ya mtoto!"

"Kungekuwa na figo ningevumilia," akasema Bakari. "Haipo. Mnataka nisubiri nini?"

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, miguuni pake, na figo zangu mbili. Nikanyamaza! Mungu wangu, nilinyamaza!

Tukamleta nyumbani kwa mama. Siku ya nne pumzi zikawa za kubahatisha. Akaniita. "Dada, kama kuna lolote kati yetu nimekusamehe. Na wewe nisamehe."

Mdomo niliufungua. Nilichosema ni, "Nimekusamehe."

Akafa Ijumaa, wanaume wakijiandaa kwenda msikitini.

Baada ya arobaini nilishindwa, nikamwambia mama kila kitu. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Kuogopa ningekuelewa. Hata mimi ningeogopa. Lakini Rashidi je? Rashidi ulimzuia kwa nini?"

Wiki ile ile akahamia Mwera kwa Rashidi. Nikienda nampa shikamoo, anaitikia marahaba, anaingia chumbani. Chakula changu hali. Niliacha kwenda.

Nilimuuliza shehe mmoja, nikijifanya namuulizia mtu mwingine, kama msamaha wa mtu asiyejua alichokosewa unahesabika. Akasema nimwombe Mungu, lakini haki ya mtu iko kwa mwenyewe. Na mwenyewe yuko kaburini.

Mwanaidi hajui mpaka leo. Kila Idi anamleta Asha anipe mkono. "Msalimie shangazi yako, huyu ndiye aliyetaka kumpa baba figo." Mtoto anaubusu mkono wangu! Nikimwambia ukweli nitampoteza, nisipomwambia kila Idi itakuwa hivyo hivyo. Sioni pa kutokea.

Wewe unayesoma, siku ukiombwa kiungo ukaingiwa na woga, sema naogopa. Mwambie mgonjwa mwenyewe, uso kwa uso. Watanuna, watakuita mchoyo, wacha wakuite. Angalau ataendelea kutafuta kwingine. Mdogo wangu alikubali kufa akiamini ameshamkosa kila mtu, na haikuwa kweli.