Zdravka Kolchakova na sakafu iliyofagiwa

ZDRAVKA Kolchakova anaokota kitu cheupe kidogo kutoka kwenye udongo, anakipuliza, kisha anakilamba.

“Mfupa,” anasema, na kukitia kwenye mfuko wa plastiki. “Jiwe haling’ang’anii ulimi. Mfupa unang’ang’ania. Ukishalamba kama elfu mbili hivi, humuulizi mtu tena.”

Jua la uwanda wa Thrakia ndiyo kwanza linachomoza na tayari shati lake limelowa mgongoni. Amelalia tumbo juu ya ubao, kichwa kimeinamia shimoni, miguu imeinuka nyuma. Mkononi ana mwiko wa mwashi uliolika kwa kazi hadi ukakaribia kuwa kijiko. Watu wa kijiji cha Dolni Yasen wamemzoea hivyo. Mgeni angedhani mama wa watu ameanguka na angekimbilia kumwinua.

Ana miaka hamsini na minane. Ni mwanaakiolojia wa jumba la makumbusho la mkoa, na kazi yake ni watu walioishi hapa miaka elfu sita na mia tano iliyopita, ambao hawakuacha hata neno moja lililoandikwa. Waliacha vyungu, mifupa, majivu, na hiki Kilima cha Mbuzi anachokichimba, ambacho si kilima. Ni nyumba zilizojengwa juu ya nyumba zilizobomoka, ukoo juu ya ukoo, hadi zikafikia kimo cha mnara wa kanisa la kijiji.

Mshahara wake ni leva elfu moja na mia tisa kwa mwezi. Mpwa wake anayeuza simu mjini Plovdiv anampita mbali, na kila sikukuu humkumbusha.

Ugonjwa huu ulimwanza utotoni, katika shamba la mizabibu la babu yake. Aliokota kigae chenye alama ya dole gumba lililobonyeza udongo ukiwa mbichi. Akaweka dole lake pale. Lilikuwa dogo kuliko lile.

“Nikataka kujua ni la nani,” anasema. “Baba alikuwa fundi wa matrekta. Akaniambia, ‘Binti, huyo ameshakufa. Kasomee uhasibu.’ Mpaka leo sijajua lilikuwa la nani, na uhasibu sikusomea.”

Lakini kilichomlaza kifudifudi asubuhi hii si dole gumba. Ni Nyumba ya Tano.

Kiangazi cha 1987, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, Zdravka alikuwa katika kundi la marehemu Profesa Genchev lililochimbua nusu ya nyumba hiyo, iliyoungua zamani zile. Moto ulikuwa mkali kiasi kwamba kuta za udongo ziligeuka tofali jekundu. Ajabu ni kwamba sakafu ilikuwa safi. Hapakuwa na chungu, wala punje, wala mfupa wa samaki.

Nusu ya pili ya nyumba hawakuigusa. Wachimbaji wa mambo ya kale wana desturi moja inayowatesa wenyewe: hawamalizi. Huacha kipande kikubwa cha udongo kisimame kama kilivyo, kwa ajili ya watakaokuja baadaye na vifaa bora na akili zaidi. Kipande hicho hapa wanakiita Shahidi. Profesa Genchev alikipiga kofi kama mtu anayeaga ng’ombe wake, akamwambia mwanafunzi wake, “Usikiguse. Hiki si chako.”

Hakukigusa. Badala yake alijenga jina lake juu ya ile nusu iliyochimbwa. Aliandika kwamba wenye nyumba hawakuvamiwa. Walitoa vitu vyote, wakaifagia, kisha wakaiwasha moto kwa mikono yao, kama watu wanavyomzika mzee aliyemaliza siku zake. Wazo hilo likawa kitabu. Kitabu kikawa bango la makumbusho. Watoto wa shule wanalijua kwa moyo, na barabarani pameandikwa: Karibu Dolni Yasen, kijiji cha watu waliofagia kabla ya kuaga.

Kuna mmoja tu asiyekubali. Lyuben Hadzhikolev, waliyesoma naye darasa moja, naye ni mtu wa makumbusho katika mkoa wa jirani. Yeye anasema nyumba ile ilichomwa na maadui, basi. “Hakuna mwanamke anayefagia nyumba anayokwenda kuichoma,” huwaambia watu kwenye mikutano, na kwa miaka mingi amekuwa akimwita Zdravka Bi Ufagio mbele za watu.

Jibu lilikuwepo, chini ya Shahidi, jirani kabisa na mahali ambapo Zdravka hunywa kahawa yake kila asubuhi ya kiangazi. Hakuruhusiwa kulitazama. Mwandishi wa makala haya asingevumilia hata juma moja.

Majira ya baridi yaliyopita, wasaka hazina walipanda kilimani na vyombo vyao vya kutafutia madini. Walichimba shimo lenye kina cha kimo cha mtu katikati ya Shahidi, hawakupata kitu, wakaacha chupa za bia. Mvua ikaingia kwenye shimo lile. Kufikia masika Shahidi alikuwa amepasuka na upande mmoja unamomonyoka. Kibali kikatoka: chimbeni kabla hakijaanguka.

“Nililia,” Zdravka anasema. “Halafu nikaona aibu, kwa sababu ndani ya kile kilio kulikuwa na furaha. Nikajua sasa nitaona.”

Kama sakafu ya upande huu nayo ni safi, kitabu chake kimesimama. Kama si safi, basi maisha yake ya kazi yameegemea ukuta usiokuwepo. Alimpigia simu Lyuben mwenyewe, aje siku watakayofika sakafuni.

“Aone kwa macho yake,” anasema. “Nisingependa aje kusema nimeficha kitu chini ya sketi.”

Lyuben anafika kahawa ikiwa bado ya moto, mtu mnene mwenye kofia ya majani, na anaanza kelele akiwa bado chini ya kilima.

“Hodi huko juu! Bi Ufagio, umeshafagia?”

“Panda, mzee wa moto. Ila usisogelee ukingo, tumbo lako litatuangushia ushahidi.”

“Tumbo hili limetengenezwa kwa jibini halali. Wewe unalamba mawe tu, utanenepa kwa nini?”

Nayden, mzee wa miaka sabini na mmoja anayesukuma toroli la udongo, na ambaye alilisukuma hata mwaka ule wa 1987, anatikisa kichwa. “Nyinyi wawili mngeoana tu tukapumzika.”

“Na huyu? Angenichomea nyumba,” anasema Zdravka.

“Na yeye angeifagia kwanza,” Lyuben anajibu, na hata Zdravka anacheka, shavu likiwa kwenye udongo.

Kicheko kinakwisha jua linapopanda. Mwiko wa Zdravka unagusa ukingo wa chungu. Pembeni yake kuna kingine. Kisha cha tatu, vyote vimepangwa ukutani, vimepasuka lakini vipo mahali pake.

Lyuben anawasha sigara.

“Vyungu, Zdravka.”

“Naona. Sijapofuka.”

“Mtu anayehama kwa heshima zote anaacha vyungu vyake?”

“Vibovu anaacha. Mama alipohama Yambol aliacha stoo nzima, na mpaka leo wenye nyumba wanatulaani.”

Anajibu haraka, lakini mwiko umesimama. Anachukua brashi, anaichezesha, anairudisha chini. Kisha anaagiza udongo wa sakafuni upelekwe kwenye pipa.

Mwaka 1987 hapakuwa na pipa. Udongo ulichekechwa kwa mkono na kumwagwa. Siku hizi unatiwa ndani ya pipa la maji na kukorogwa taratibu. Udongo unazama, na punje zilizoungua, nyepesi, zinaelea juu na kukingwa kwa kitambaa. Sakafu iliyofagiwa ingeacha maji yakiwa maji tu.

Maji yanageuka meusi. Zdravka anachota kwa kitambaa na kukitandaza juu ya meza, kando ya nyanya za chakula cha mchana. Kuna dengu. Kuna ngano, makapi, mbegu za magugu, magamba ya samaki, na meno madogo ya panya. Ni uchafu wa jikoni la watu ambao jana yake walikula na kesho yake walitarajia kula.

Zdravka anarudi shimoni. Anasimama pale ambapo nusu ya zamani, iliyotunzwa chini ya paa la mabati, inakutana na nusu mpya. Upande mmoja sakafu inang’aa, upande wa pili ina vumbi jeusi, na kati yake kuna mstari. Anauangalia mstari ule kwa muda mrefu.

“Lyuben,” anaita. “Njoo. Kanyaga unapotaka.”

Lyuben anashuka.

“Umenyooka,” anasema Zdravka. “Unaona ulivyonyooka? Nani anafagia nyumba yake hadi kwenye mstari ulionyooka kama rula, halafu anaweka ufagio chini?”

“Hakuna.”

“Vyungu waliviweka upande huu tu. Na huu mstari ni ukingo wa shimo letu. La mwaka ule.” Anakaa chini, hapo hapo kwenye sakafu ya miaka elfu sita na mia tano, jambo ambalo angemfukuza mwanafunzi kwa kulifanya. “Ni mimi. Mimi ndiye niliyefagia.”

Yeyote aliyewahi kuchimba anajua desturi hii. Kabla ya picha, shimo husafishwa mpaka liwe kama sebule ya harusi. Profesa Genchev alikuwa na wazimu wa picha safi. Alimpa kazi hiyo msichana wa mwaka wa pili, mwenye bidii, mwenye ufagio wa chelewa.

“Nilifagia siku mbili,” Zdravka anasimulia. “Profesa akanisifu mbele ya watu wote. Kwa hiyo siku ya tatu nikafagia tena. Halafu nikakaa, nikaiangalia sakafu, nikajisemea: mbona watu hawa walikuwa wasafi hivi!”

Anaanza kucheka. Anacheka mpaka machozi yanachora mistari kwenye vumbi la mashavu, na baada ya muda si rahisi tena kusema kama ni kicheko. Lyuben, ambaye angeweza kutamka lile jina wakati huo na akasikika hadi kijijini, halitamki. Anajishusha kwa shida na kukaa kando yake.

“Hata mimi kwenye mashimo yangu nilifagia,” anasema baadaye. “Sote tulifagia, dada. Ndivyo tulivyofundishwa.”

“Usinihurumie. Na wewe hujashinda. Maadui wako wako wapi? Nionyeshe mshale mmoja.”

“Bado hatujamaliza kuchimba.”

“Nionyeshe hata mfupa mmoja wa mtu.”

Hawakuupata siku ile wala siku zilizofuata. Dengu zilikuwemo ndani ya chungu kimoja, zimeungua zikagandamana. Wenye nyumba walitoka wote. Nani aliwasha moto, adui au cheche ya jikoni, hakuna ajuaye. Zdravka anasema hilo la kutoka wote lilimfurahisha kuliko alivyotegemea, kana kwamba amepata habari za jamaa zake.

Habari zilifika kijijini kabla ya chakula cha mchana. Mwenyekiti wa kijiji alipiga simu, na sauti yake ilisikika mezani kote.

“Bi Daktari, mimi si msomi, lakini ni lazima useme mwaka huu? Tumeshachapisha maneno yale kwenye vikombe.”

“Uzeni vikombe. Kahawa haisomi.”

“Na bango la barabarani?”

“Bango ling’oe kabla sijaling’oa mimi.”

Mwezi wa Oktoba utakuwepo mkutano wa wataalamu wa zama hizo. Zdravka ameomba azungumze wa kwanza, siku ya kwanza, kabla Lyuben hajafungua mdomo. Wenzake wawili wamemshauri asubiri astaafu, jambo liandikwe polepole na mwingine. Anapoulizwa kama anaogopa, hajifichi.

“Naogopa sana. Kuna watu waliosubiri siku hii kwa hamu. Na kuna wanafunzi wangu waliojenga kazi zao juu ya kazi yangu, hao ndio wananinyima usingizi. Lakini mimi niliingia kwenye kazi hii ili nijue. Sasa nimejua kitu, eti nikae nacho mfukoni?”

Ni Lyuben aliyeuliza swali ambalo limempa Zdravka kazi ya kiangazi kijacho. Walikuwa wakila nyanya, wote wamechoka, akasema tu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: “Kile ulichofagia, mlikimwaga wapi?”

Wote wakamgeukia Nayden, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na toroli.

Mzee akaelekeza kwa uma, chini ya kilima, pembeni mwa shamba la alizeti, kwenye kichaka cha magugu yanayowasha. “Pale. Hapajaguswa. Hata mbuzi hawaendi.”

Jioni Zdravka yuko pale, mikono imevimba kwa kuwashwa, anapigilia vigingi vinne na kufunga kamba, mraba ulionyooka, kama ambavyo angefanya kwenye kaburi la mfalme. Pipa litaletwa mwakani. Kila toroli la udongo alioutupa akiwa msichana litapita majini.

“Maisha yangu yote nimechimba taka za watu wengine,” anasema, akivuta kamba ikaze. “Nilikuwa nikiwaambia watoto kwamba siku ile waliaga. Hawakuaga. Walikuwa wanapika. Nusu ya chakula chao imo humu, niliimwaga mwenyewe, na nataka kujua kilikuwa chakula gani.”