Betri Ilikuwa Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usije ukanionea huruma ukifika katikati. Mke wangu hajui, mchungaji wetu hajui, na wewe usiyenijua ndiye wa kwanza kuambiwa.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Migori. Waya, taa, stata, betri, hiyo ndiyo kazi yangu. Gari likikataa kuwaka upande wa Suna, watu wengi hunipigia mimi kwanza. Sijisifu! Nataka ujue tu kwamba nilikosea kitu ninachokijua vizuri.

Nilikuwa na matatu kuukuu ambayo mwenyewe alishaichoka. Nikang'oa viti, nikatia kitanda, jiko dogo la gesi, meza ya kazi, na paneli ya sola juu ya paa. Ikawa nyumba yenye magurudumu. Siku za soko nilikuwa naenda nayo Kehancha kutengeneza pikipiki za watu wa boda boda, nalala humo humo, asubuhi naendelea na kazi.

Betri kubwa ya kuendesha vitu vya ndani niliiweka chini ya kitanda, ndani ya sanduku la mbao. Nafasi nyingine haikuwepo. Ukitaka kuifikia, unanyanyua godoro kisha unafungua ubao. Kilikuwa kitanda changu, kwa hivyo sikuona shida yoyote.

Ndipo mama mkwe akaugua mapafu. Kwao ni upande wa Homa Bay, na huko alikuwa amebaki peke yake. Mke wangu ndiye binti yake pekee. Hospitali ilimruhusu arudi nyumbani, lakini kwa sharti kwamba mashine ya oksijeni isizimwe. Ile inayotumia stima, yenye bomba la kuingia puani.

Kama wewe si Mjaluo, acha nikueleze kidogo. Mama mkwe tunamwita maro. Maro halali kwa mkwewe. Anaweza kuja, akasalimia, akala, lakini jioni anaondoka. Na mimi mkwe nakaa mbali naye. Simkaribii karibii, na kitanda chake sikigusi kabisa. Tumelelewa tukiogopa chira, ile laana inayomfuata mtu aliyevunja mwiko.

Sasa mgonjwa atalala wapi? Wazo nililitoa mimi. Nikasema gari lisimame nje ya lango, yeye alale humo. Nje ya lango si kwangu, na gari si nyumba. Wazee wa kwao walicheka sana waliposikia, wakakubali. Mke wangu alinishika mkono mbele ya watu, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Nikanunua godoro jipya na shuka mpya. Nikavuta waya kutoka sebuleni hadi kwenye gari. Stima ikipotea, inveta inachukua moto kutoka kwenye betri, inaugeuza kuwa stima, na mashine inaendelea bila kusimama. Daktari alikuwa ametushauri tuwe pia na mtungi wa oksijeni wa akiba. Nikamwambia hakuna haja, gari langu lina betri! Nilisema hivyo huku nikitabasamu.

Wiki za kwanza zilienda vizuri. Maro alikuwa anakaa mlangoni mwa gari asubuhi akiota jua, bomba puani, akiwatania wauza mboga wanaopita. Mimi nilikuwa namsalimia nikiwa kwenye lango. Alikuwa ananiita "nyathina", mwanangu, na mimi naitika huku nikiangalia chini.

Halafu siku moja mchana stima ikapotea. Inveta ikaanza kulia pii pii pii, mashine ikazima. Mke wangu alikuwa ndani akimpa uji. Alipiga nduru mpaka nikaangusha spana. Kabla sijafika, stima ikarudi na mashine ikawaka. Maro alikuwa amelowa jasho lakini akacheka, akasema mashine nayo imechoka kumsikiliza.

"Baba watoto, angalia hiyo kitu leo leo," mke wangu akaniambia. "Wacha kazi za watu."

Nikaangalia. Nikapima na mita kwenye inveta, ambayo niliifunga mbele kwa dereva ili nisiingie kwake: moto umejaa. Nikawasha mashine kwa betri, mke wangu akiwa tayari kuirudisha kwenye stima: moto ukaporomoka palepale na inveta ikalia. Fundi yeyote anajua maana ya hiyo. Betri ilikuwa bado changa, haina shida. Kuna mahali njiani pamelegea, kwa hivyo mzigo mkubwa ukija, moto haupiti.

Nikabadilisha fyuzi. Nikabadilisha waya unaopita nje ya kitanda. Nikaenda Suna nikanunua inveta nyingine. Kila nikijaribu, ni yale yale! Palikuwa pamebaki mahali pamoja tu, kwenye vichwa vya betri vyenyewe, pale waya zinapokazwa kwa nati. Nilijua. Nilijua kama ninavyojua jina langu.

Na juu ya betri palikuwa na godoro, na juu ya godoro palikuwa na maro.

Ningeweza kumwambia mke wangu anyanyue godoro akaze nati mwenyewe. Ningeweza kusema mama ahamie kitini kidogo, nimwite fundi mwenzangu asiye mkwe. Lakini ningesemaje? Kwamba nilimlaza mama yake juu ya kitanda changu mimi, kile kile nilichokuwa nalalia Kehancha, jambo ambalo nalo ni mwiko? Nilikuwa nimewaambia watu wa kwao kwamba kitanda ni kipya. Godoro lilikuwa jipya. Kitanda hakikuwa kipya, na mtu akinyanyua godoro angekijua.

Niliona aibu. Basi. Hakuna sababu nyingine kubwa ya kukuambia.

Jioni mke wangu akauliza, "Imekuwa sawa?"

"Iko sawa," nikasema. "Ilikuwa inveta."

Nilijipa moyo kwamba Jumapili, wakimpeleka maro kanisani, nitaingia upesi nikaze ile nati na hakuna atakayejua. Jumapili hakuamka vizuri, hakwenda. Nikasema basi Jumapili ijayo.

Haikufika. Stima ilipotea asubuhi, mke wangu ameenda sokoni. Mimi nilikuwa uani nikinoa kisu. Nikasikia pii pii pii, kisha kimya. Nikakimbia hadi mlangoni mwa gari.

Nikasimama hapo.

Alikuwa ameketi kitandani, mikono imeshika ukingo, mabega yanapanda na kushuka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Aliniangalia usoni. Katika miaka yote ya ndoa yangu hatukuwa tumeangaliana hivyo.

"Nyathina," akasema. "Donji."

Mwanangu, ingia. Alitumia pumzi aliyobakiwa nayo kunikaribisha! Mimi mguu mmoja ulikuwa juu ya ngazi. Hatua moja, nimsogeze, ninyanyue godoro, nikaze. Sikuingia. Nilimwambia, "Ngoja mama, naita mtu."

Mpaka leo nasikia ujinga wa hilo neno ngoja.

Nilikimbia hadi kwa jirani yetu mwenye duka la vitenge, mama mmoja Mwislamu aliyetoka Mombasa zamani. Nikamkuta anapimia mteja kitambaa. Sijui nilisema nini. Aliacha kila kitu akanifuata na ndara zake mkononi. Akapanda ndani, akamkumbatia maro, akamlaza kifuani mwake.

"Betri yenyewe iko wapi?" akaniuliza.

"Chini ya kitanda."

"Na wewe fundi umesimama hapo nje wafanya nini?"

Akaniambia niendeshe gari basi, twende hospitali. Nikachomoa ule waya wa sebuleni, nikapanda kwa mlango wa dereva, nikaendesha. Nyuma nilikuwa namsikia akisoma dua zake. Maro sikumsikia.

Walimpokea, wakamwekea oksijeni, wakahangaika naye. Lakini alikuwa amekosa hewa muda mrefu. Hakufumbua macho tena, na mke wangu alifika na kikapu cha sukuma wiki mkononi akaambiwa mama amepumzika.

Sikulia. Watu walidhani najikaza kiume. Nilikuwa tu kama nimedungwa sindano ya ganzi, ile ya kung'olewa jino, unaona wanavuta lakini husikii. Niko hivyo mpaka leo.

Niliporudi na gari nyumbani, nikaingia. Sasa niliweza kuingia! Nikatoa godoro, nikafungua ubao. Nati ya waya wa hasi ilikuwa imelegea kwa mtikisiko wa barabara ya Kehancha. Sikuhitaji hata spana. Niliikaza kwa vidole. Nikawasha mashine kwa betri, ikanguruma vizuri kabisa, na bomba likapuliza hewa juu ya kitanda kisicho na mtu. Nikaiacha iendelee. Sijui nilikaa hapo muda gani.

Tulimzika kwao Homa Bay. Msemaji wa familia alinisimamisha mbele ya waombolezaji. Akasema wakwe wa siku hizi hawana adabu, lakini huyu alimjengea maro nyumba ya magurudumu ili asivunje mwiko. Watu wakapiga makofi. Mke wangu akanitazama kwa macho ya shukrani. Nikainamisha kichwa, nao wakaona huo nao ni unyenyekevu.

Baadaye dada mkubwa wa marehemu, bibi mzee anayetembea na fimbo, akanivuta kando. Yule jirani wa vitenge alikuwa amekuja mazishini na wakaongea. Nadhani alimweleza.

"Alikuita?" akaniuliza.

"Aliniita, mama."

"Akakwambia uingie?"

"Ndiyo."

"Mgonjwa hushikwa na yeyote," akasema. "Hata mimi nilishikwa na mkwe wangu nilipovunjika mguu. Tulichinja kuku, tukaomba, ikaisha. Nani alikuambia chira inakuja kwa mtu anayeokoa mtu?"

Hakuna aliyeniambia. Na sikuuliza! Kuku mmoja tu. Hakunilaumu tena, na hakumwambia mke wangu. Aliondoka na fimbo yake akaenda kukaa na wanawake wengine.

Mke wangu bado anaamini ni inveta ya pili iliyotuulia mama. Kila tukipita Suna anageuza uso asilione duka la yule aliyeniuzia. Juzi alimwambia mbele ya wateja kwamba anauza vitu bandia vya kuua wazazi wa watu. Yule bwana aliomba msamaha, akataka kunipa nyingine bure. Nilikuwepo. Nilisimama nikiangalia viatu vyangu.

Simuumizi mke wangu kwa kumpiga wala kwa kumkosea uaminifu. Namuumiza kila jioni anaponiwekea chakula, ananiambia Mungu anibariki kwa nilivyomtunza mama. Nakula. Chakula hakina ladha, lakini nakula. Kumwambia najaribu, mdomo unafunguka, hakuna kinachotoka. Labda ataisoma hapa na kuijua sauti yangu. Ikiwa ni wewe, mama watoto, ni kweli yote. Muuzaji hana kosa.

Nyinyi mafundi, msiseme iko sawa kama kuna mahali hamjashika. Kama hapashikiki kwa sababu ya aibu, semeni aibu yenyewe, mwingine ashike. Aibu ingeisha siku ile ile.

Na nyinyi wakwe wenzangu, heshima tuliyofunzwa ni nzuri, sitaidharau. Lakini kuna siku mama wa mke wako atakuwa anakosa hewa, na atakuambia uingie. Usimwambie angoje. Usitafute wa kuingia badala yako. Ingia!