Shamba Alilolinyoa Kinyozi

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, ila hawakusema kama ananyoa mashamba ya watu. Huyu alilinyoa la shemejiye bila kuombwa. Ndiyo maana asubuhi hiyo Mama Mundu aliingia kibandani kwa kinyozi bila hodi, mkononi kibunda cha lusina, majani ya kulishia ng'ombe, yaliyojikunja.

Mama Mundu ni mjane. Marehemu alimwachia ng'ombe mmoja na shamba la lusina la kumlishia, nyuma ya nyumba, na hajawahi kulitia dawa ya wadudu. Hukata kwa mistari: anakata huu, anauacha ule mpaka huu uchipue. Katika mistari iliyosimama hukaa vidudu wekundu wenye madoa meusi, ambao kazi yao ni kula vidukari wanaofyonza majani. Ukikata shamba zima kwa mpigo mmoja, umewafukuza walinzi, na mwizi hurudi kabla yao.

Majirani walilicheka shamba hilo. Kinyozi, mdogo wa marehemu, hakucheka, aliona aibu. Mtu anayekula kwa kusawazisha vichwa atapitaje kila siku mbele ya kichwa kilichonyolewa nusu, tena cha ukoo wake? Basi Mama Mundu alipokwenda kumuuguza dada yake, jamaa akashika panga akaisawazisha mistari yote, isipokuwa mstari wa ubavuni mwa choo, ambao pua yake ilimkataza. Mwenye shamba aliporudi, alimkuta amejishika kiuno anangoja asante.

Asante! Machipukizi yalitoka, vidukari wakayavamia, majani yakanata na kugeuka manjano. Ng'ombe ana ndama mchanga, nyasi nyingine zote zimeungua kwa jua, na maziwa hayo ndiyo yanayoilisha nyumba. Kisha Mama Mundu akasikia kwamba kinyozi ameazima bomba la dawa. Hapo damu ikamchemka.

Kitini palikuwa na mteja, nusu ya kichwa inang'aa, nusu bado msitu.

"Bomba liko wapi?"

"Shemeji, karibu kwanza..."

"Sikuja kukaribishwa!" Akakibwaga kibunda juu ya kitambaa cha mteja. "Umenifukuzia wadudu wangu, sasa unataka kunimwagia sumu? Ng'ombe atakula nini, kiti hiki?"

"Nilitaka kukusaidia tu. Watu wanacheka."

"Wacheke! Kwani mimi nakamua vicheko vyao?"

Mteja akakohoa. Mama Mundu akaliona bomba pembeni, akalibeba begani.

"Zima mashine, twende. Machipukizi yote mabovu yakatwe leo, ng'ombe ayale pamoja na vidukari, yeye hana kinyaa. Ule mstari wa chooni usiuguse, wadudu wangu waliobaki wako humo."

"Na mimi je?" mteja akauliza.

"Wewe subiri uchipue."

Walikata mpaka jua likawa utosini, Mama Mundu akimfokea kila hatua. Walipofika chooni, mkono wa kinyozi, kwa mazoea tu, ulinyoosha panga umalizie. Mama Mundu akakanyaga mbele ya mstari kwa mguu mtupu. Kinyozi akasimama. Vidudu wekundu walikuwa wakipanda mashina, wachache mno. Nyuma ya ua watu walikuwa wanacheka, na sauti ya mteja ilikuwamo.

Kinyozi akainamisha kichwa, akauacha mstari ulivyo. Akabeba majani mpaka zizini, akamwaga mbele ya ng'ombe, akageuka kumtazama shemejiye.

Hata siku hiyo hakupewa asante.