Mkwe Asiyetajwa Jina

Kuna uchovu wa kulima na kuna uchovu wa kulea. Wa kulima ukilala unaisha. Floribert, fundi wa nguo wa mtaa wa Mudzi Pela mjini Bunia, alikuwa na ule wa pili, na tena alikuwa akimlea mtu ambaye mila haikumruhusu hata kumtazama usoni: mama mkwe wake.

Kule Djugu walikotoka, mtu na mama mkwe wake walikuwa na njia zao. Wakikutana kisimani, mama aliingia majanini na kujifunika uso kwa kikwembe mpaka mkwe apite. Hawakutajana majina. Hawakula wakionana. Mambo haya yalikuwa rahisi kijijini, ambako nyumba ya mmoja ilikuwa mlima huu na ya mwingine mlima ule. Kisha vita vikaja, na vita havijali nani ni mkwe wa nani. Wakakimbilia Bunia wote watatu, Floribert, mkewe Émilienne na Mama Domitille, wakabanana katika nyumba ya vyumba viwili iliyogawanywa kwa pazia.

Émilienne ndiye aliyekuwa akipitisha maneno. Mama anasema paa linavuja, Émilienne anamwambia mumewe. Mume anauliza kama mama ameamka salama, Émilienne anakwenda upande wa pili kuuliza, anarudi na jibu. Miaka ilipita hivyo bila mtu kuona ajabu. Halafu mwaka juzi, asubuhi moja akisonga bugali, Émilienne alishika kichwa, akaanguka karibu na mbabula, jiko la makaa, wala hakuamka. Walisema ni tension, shinikizo la damu. Alikuwa nayo muda mrefu, na dawa alikuwa akimeza siku anazokumbuka.

Baada ya matanga, ndugu wa Floribert walimshauri amrudishe mama mkwe kwa watu wake. Watu gani? Mwanawe wa kiume, Davy, alikuwa amekwenda kutafuta dhahabu upande wa Nizi, na tangu hapo hakuna aliyepata habari zake. Floribert akasema mama atabaki. Msimsifu bure, hakusema kwa ushujaa. Hakujua tu angempeleka wapi.

Usahaulifu ulianza na chumvi. Mama Domitille alikuwa akitia chumvi katika sombe, mboga ya majani ya muhogo, anageuka, anatia tena. Kisha akaanza kuuliza Émilienne yuko wapi, akajibiwa, akalia kama ndiyo kwanza anasikia, na kesho yake akauliza tena, mpaka Floribert akamwomba jirani aliyekuwa sasa akipitisha maneno amjibu kwamba ameenda sokoni. Siku moja wapita njia walimkuta barabarani akienda Djugu kwa miguu kuchukua jembe alilosahau. Majirani nao hawakukawia. Kikongwe anayesema peke yake kwenye ua, watu wakaanza kulizunguka lile neno la ulozi, wakilionja kwanza kabla ya kulitema. Ni Annette aliyewafunga midomo. Annette ni mjane wa nyumba ya pili, muuza ndakala, dagaa wakavu, mwenye ulimi ambao hata askari wa kizuizi cha barabarani huuogopa. Tena ndiye aliyekuwa akija kila siku kumwogesha mama na kumlisha, kwa sababu kwa kazi hizo Floribert hakuwa na ruhusa.

Annette huyohuyo ndiye aliyesema waende kituo cha afya. Wakaenda, mama mbele na Annette, Floribert nyuma hatua ishirini. Muuguzi aliitwa Micheline, mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja.

“Mama, leo ni siku gani?”

“Siku ya Mungu,” alijibu Mama Domitille. Ilikuwa Jumatano.

“Na ule mwanaume anasimama pa mulango, njo nani?”

Mama alivuta kikwembe, akafunika uso wote. Micheline alingoja, akauliza tena, kisha akaandika kwenye karatasi, akisoma kwa sauti anachoandika: hatambui tena watu wa nyumbani.

“Futa ile, mama infirmière,” Floribert alisema kutoka mlangoni. “Ananijua. Hawezi kunitaja ju ananijua. Miye ni bokilo yake, mukwe.”

Micheline alimtazama, akamtazama mama aliyejifunika, akacheka mpaka miwani ikateleza. “Kumbe huyu mama iko na heshima kuliko siye wote!” Akafuta.

Alipomaliza kucheka alisema mambo ambayo Floribert aliyashika moja moja. Kwamba ule ni ugonjwa wa ubongo, si ulozi, wala si uzee tu, maana wazee wengi wanafika mbali na akili zao zote. Kwamba dawa ya kurudisha kilichopotea hana, na anayedai kuwa nayo ni mwizi. Lakini tension ya mama ipimwe kila mwezi na dawa zisirukwe, na mama atembee mchana, asifungiwe ndani, ale saa zilezile, mikono yake ipewe kazi hata kama ni kuchambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa.

“Na usibishane naye,” alisema. “Vitu vya zamani, vya ndoa na vya utoto, vinakawia mu kichwa kuliko vya jana. Pitia mule mwenye vingali. Na weye? Nani anakuchunga weye?”

Micheline akamfunga kipimo mkononi, akatikisa kichwa. Yake pia ilikuwa imepanda. Alitoka pale na vidonge vyake mwenyewe, akiwa amechoka zaidi, kwani sasa alikuwa na wagonjwa wawili wa kukumbuka.

Mambo yalikwenda hivyohivyo mpaka binti wa Annette alipojifungua kule Mahagi. Mama gani asiende? Annette alifunga mzigo wake, akasema ni majuma matatu tu, akapanda moto, pikipiki ya abiria, na kuondoka.

Siku ya kwanza Floribert alipika mwenyewe, akasukuma sahani chini ya pazia. Jioni aliikuta kama ilivyokuwa. Chakula kilichopikwa na mkwe, kikaletwa na mkwe, na mkwe mwenyewe anapumua upande wa pili wa kitambaa, Mama Domitille angekilaje? Alikuwa amesahau mwaka, mji, na kifo cha binti yake, lakini hilo hakusahau. Siku ya pili vilevile. Aliomba mwanamke mmoja wa kanisani aje, akaja mara moja, mama akamfukuza akidhani ni mwizi wa vyungu. Siku ya tatu alikunywa maji tu. Floribert aliuona mkono wake ukitoka chini ya pazia kuchukua kikombe, kifundo kikiwa kimebaki mfupa, akaingiwa na hofu kweli. Mtu anaweza kufa kwa heshima, na huyu alikuwa anaelekea huko.

Siku ya nne akapiga kelele. “Kula basi! Unataka nizike wawili?” Maneno yake mwenyewe yalimwaibisha kuliko tusi. Mwanaume wa miaka hamsini na nane kumfokea mama mkwe. Kijijini wazee wangemketisha na kumtoza mbuzi, na mbuzi huyo angemlipa bila kubisha. Akaenda kukaa kwenye mashine yake ya kushona, akaligeuzia pazia mgongo, kichwa mikononi.

Ndipo akakumbuka maneno ya Micheline, kupitia mule ambamo vitu vingalipo. Zamani, mtu na mkwe wake wakilazimika kusema na hakuna wa kupitisha maneno, walisema na kitu chochote kilichokuwa karibu, kuku, chungu, hata kinu, na mwingine akasikia. Floribert alitazama huku na huku. Kuku hakuwa naye.

“Mashine,” alisema, na akajiona mjinga, “ambia mama kama chakula iko tayari. Émilienne njo alipika mbele ya kwenda ku soko.”

Akakanyaga kikanyagio kidogo ili mikono ipate cha kufanya. Sindano ikaanza kulia, tikitikitiki, na katikati ya mlio ule akasikia sahani ikivutwa sakafuni. Baada ya muda sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya mtu mwenye kitu mdomoni.

“Mashine, ambia mwenye anakukanyaga: chumvi haiko.”

Floribert alicheka. Hakumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa lini.

Basi wakaishi hivyo. Mashine ikilia, mama alijua mkwe amegeuka na hatazami, naye alikula. Ikinyamaza, aliacha kula. Floribert alilazimika kukanyaga tangu tonge la kwanza hadi la mwisho, kazi iwepo isiwepo, akipitisha kitambaa chakavu chini ya sindano isiyo na uzi. Mteja mmoja aliyekuja kuuliza suruali yake alimkuta akishona hewa na kuzungumza na chuma. Akarudi nyuma polepole, akaenda kutangaza mtaani kwamba ugonjwa wa bibi kizee umeambukiza.

Na asubuhi walitembea, mama mbele, mkwe nyuma hatua ishirini, mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Watu walitazama. Watazame.

Jambo ambalo hakulitegemea ni kwamba mama alianza kusema. Katika miaka thelathini na moja hawakuwahi kusemezana hata neno moja ana kwa ana, na sasa, kupitia mashine, mama hakunyamaza. Alieleza jinsi ya kukausha maharagwe. Alimtukana kahaba mmoja wa mwaka wa sabini na tatu. Siku moja akauliza:

“Mashine, mwenye anakukanyaga anachunga mutoto yangu muzuri?”

Mguu wa Floribert ukasita. “Ambia mama, anamuchunga.”

“Ni vizuri. Ile siku alikuya kumuposa, alivala viatu mbili zenye hazifanane. Bwana yangu alikataa. Njo miye nilisema wamupe, ju aliinama muzuri wakati nilipita.”

Floribert hakuwa amejua. Miaka yote hiyo aliamini ni baba mkwe aliyemkubali, kumbe ni huyu, aliyejifunika uso na bado akaona viatu. Aliendelea kukanyaga huku machozi yakimdondokea kitambaani. Nyuma ya pazia lile Émilienne alikuwa yuko sokoni, atarudi, na yeye alikuwa mumewe. Ulimwenguni kote hapakuwa na mahali pengine ambapo habari ilikuwa hiyo. Alianza kuingojea saa ya kula. Uchovu ulibaki palepale, mgongo uliuma, suruali za watu zilirundikana, ila alikuwa na mtu wa kumwambia mkewe yuko njiani.

Juma la tatu, siku ya Ijumaa, alipakua, akaligeuzia pazia mgongo, akaanza kukanyaga. “Mashine, ambia mama chakula iko tayari.”

Akarudia. Akasikia pete za pazia zikivutwa kwenye waya, na nyayo. Mama Domitille akatoka, kichwa wazi, kikwembe kimeanguka mabegani, akazunguka meza na kusimama mbele yake. Akamtazama usoni. Floribert alitaka kuinamisha macho, hakuwahi. Ndiyo mara ya kwanza kumwona uso. Macho yalikuwa ya Émilienne, yaleyale, na lile la kushoto likiwa dogo kidogo.

“Njaa inaniuma,” mama alisema, akavuta kigoda akaketi pembeni yake. “Weye njo nani?”

“Mama, ni miye.”

“Miye nani?”

Mtu hamtajii mama mkwe wake jina. Lakini mbele yake hapakuwa na mama mkwe tena, palikuwa na mwanamke mzee mwenye njaa. “Floribert,” alisema.

“Floribert,” mama akarudia, bila shida yoyote, jina ambalo alikuwa amelikwepa tangu siku ya mahari. “Jina muzuri.”

Akafungua mdomo. Floribert akanawa mikono, akakata tonge dogo, akalichovya kwenye sombe, akamlisha. Akala. Akataka lingine. Alikula sahani nzima, mkononi mwa mkwe, uso kwa uso, na kila tonge lililoteremka lilimwambia Floribert jambo lilelile. Hiki ndicho alichokiomba kwa Mungu majuma matatu, mama ale bila mashaka, na sasa alikuwa amepewa, na kiliuma. Mtu wa mwisho ambaye kwake alikuwa bado mume wa Émilienne alikuwa ameondoka, asubuhi hii, bila kuaga.

Annette aliwakuta hivyo. Alikuwa ndiyo kwanza anashuka safarini, mzigo ungali kichwani, vumbi la barabara hadi kwenye nyusi. Alisimama mlangoni akaona sahani tupu, akaona nani ameishika.

“Anakula ku mukono yako! Aksanti Mungu! Papa Floribert, sasa utapumzika.”

“Ndiyo,” alisema Floribert. “Sasa nitapumzika.” Akamfuta mama midomo kwa ncha ya kikwembe. Annette aliisikia sauti yake, akaacha kushangilia, akatua mzigo polepole.

Mama Domitille hakujali nani ameingia. Alikuwa bado akimchunguza yule mwanaume aliyemlisha, jinsi mzazi anavyomchunguza mgeni wa maana.

“Floribert, uko na bibi, ao haujaoa bado?”

Floribert aliitazama sahani tupu.

“Ju niko na binti,” mama alisema, akimsogelea kidogo, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. “Anaitwa Émilienne. Ameenda ku soko, atarudia sasa hivi. Umungoje, umuone. Ukimupenda, kuya kumuposa, miye sitakataa.”

Annette alichukua sahani, akatoka nayo uani, akafunga mlango nyuma yake.

“Nitakuya, mama,” alisema Floribert. “Nitamungoja.”